Uume uliopinda: kushona au kuweka kiraka?

Wanaume wa Moshi na Arusha wanaofika kliniki ya mfumo wa mkojo, hospitali ya KCMC kwa mfano, huuliza lile lile: upasuaji upi ni bora? Kwanza, kama kovu la ndani linaloupinda uume bado linauma au pembe inazidi kubadilika, daktari makini hashiki kisu.

Kushona ni kuuvuta upande mrefu kwa nyuzi ulingane na mfupi. Operesheni si ndefu, gharama kwa kawaida ni nafuu, na nguvu za kusimama haziathiriki sana. Tatizo ni urefu: uume unapungua kidogo, na mafundo ya uzi wakati mwingine unayapapasa chini ya ngozi. Kwa pembe isiyofika digrii 60, mimi ningeanzia hapo.

Kiraka hufanya kinyume. Kovu linachanwa, pengo linazibwa, pengine kwa kipande cha mshipa wa mguuni. Kinafaa pembe kubwa au uume uliominyika katikati, na hulinda urefu zaidi. Ila uume kufa ganzi na kushindwa kusimamisha hutokea mara nyingi zaidi, tena kinataka mkono uliozoea.

Mwenye kisukari ambaye hata vidonge havimsimamishi, aulizie kifaa cha kupandikizwa ndani ya uume. Tendo la ndoa husubiri wiki kadhaa kwa vyote. Mama watoto aambiwe mapema.