Unga wa Nycodenz wa kutenga seli nyota za ini: mzuri, ila una masharti

Kwa maabara inayochunguza jinsi seli nyota za ini zinavyotuliza kinga baada ya upandikizaji, unga huu, unaoyeyushwa kuwa mmumunyo mzito wa kutenganisha seli kwa msongamano wake, unafaa. Seli hizo hubeba matone ya vitamini A, hivyo huelea juu ya mmumunyo wa takriban asilimia 8 huku seli nyingine za ini zikizama. Panya wachanga wana akiba haba ya vitamini hiyo. Mavuno yakiwa duni, kosa si la unga. Ukiacha breki ya sentrifuji ikifanya kazi, tabaka huvurugika. Kasoro kubwa ni seli za Kupffer (seli za kinga za ini zinazomeza uchafu) zinazopenya kwenye tabaka la seli nyota na kupotosha majaribio ya seli T, yaani seli za kinga zinazoshambulia kipandikizi. Hakiki usafi kwa mwanga wa urujuanimno, unaoifanya vitamini A ing'ae, tena mapema: kwenye plastiki seli nyota huamka zenyewe ndani ya siku chache na kuongeza PD-L1, protini inayozima seli T.