Uzoefu wangu wa kununua pikapu iliyotumika: je, inastahili bei yake?

Ninatumia pikapu ya dizeli yenye kabini mbili ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa kazi niliyoikusudia imenifaa kiasi kwamba ningeinunua tena kwa bei ileile. Kabla ya kuipata nilikagua nyingine kadhaa nikaziacha, baadhi yake zikiwa mpya zaidi na zenye kilomita chache zaidi. Jambo lililoniongoza ni moja: katika pikapu, swali la kwanza ni gari limebeba nini, kwa muda gani na kupita njia za namna gani. Pikapu mbili zinaweza kusoma kilomita sawa, lakini kama moja ilimbebea mwenye nayo vifaa vyepesi na nyingine ilishinda ikibeba kokoto na saruji kupita uwezo wake, hayo ni magari mawili yasiyolingana hata kidogo.

Kwa sababu hiyo ukaguzi wangu ulianzia chini ya gari. Pikapu nyingi zimejengwa juu ya fremu ya chuma ambayo mafundi huiita chesisi, na juu yake kabini na bodi ya mizigo hufungwa kwa bolti, kila moja peke yake. Ndiyo maana kati ya kabini na bodi huwa pana mwanya, na mwanya huo husema mengi ambayo muuzaji hasemi. Gari likiwa mahali tambarare, simama ubavuni uangalie kama mwanya una upana uleule kuanzia chini hadi juu. Katika pikapu moja niliyopelekwa kuiona, ambayo rangi yake ilikuwa mpya na inang'aa, upande wa chini vidole viwili viliingia kwa shida, ilhali upande wa juu vitatu vilipita bila kugusa chuma. Maana yake ni kwamba mkia wa gari umeshuka kwa sababu chesisi imepinda nyuma ya kabini, mahali ambapo uzito uliozidi huielemea zaidi. Fundi niliyekwenda naye alilala chini akiwa na tochi, akapitisha kidole juu ya mshono wa kuchomelea uliofunikwa kwa rangi nyeusi nzito, kisha akaniambia, "Kaka, hii imevunjika mgongo. Hata wakikupunguzia nusu ya bei, usiichukue." Tuliondoka bila hata kufungua boneti.

Kutu nayo inahitaji subira. Kutu ya juu juu kwenye chesisi ya gari lililotumika ni ya kawaida na haipaswi kumtisha mtu. Inayoogofya ni ile inayokula chuma kutoka ndani, hasa kwenye sehemu zilizofungwa kama sanduku ambamo matope na maji hukaa. Tulitumia nyundo ndogo kugonga pole pole kuanzia mbele hadi nyuma, kwa kuwa chuma kizima hulia kwa mlio mkali, na kilichooza hutoa sauti iliyofifia na kumwaga magamba. Wala hili si tatizo la magari yasiyo na jina tu. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kwa mapatano kesi iliyofunguliwa nchini Marekani kuhusu kutu katika fremu za pikapu za Tacoma na Tundra pamoja na Sequoia, magari ambayo sifa zake za kudumu zinajulikana kote. Sifa ya jina, kwa hiyo, haiwezi kuchukua nafasi ya nyundo na tochi.

Baada ya chesisi tulihamia kwenye springi za nyuma, ambazo ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Jani lililoongezwa, ambalo rangi au unene wake hutofautiana na wa majani mengine, linaonyesha kwamba mwenye gari alibeba zaidi ya kiwango cha kiwandani. Vilevile nilitazama zile raba zinazozuia ekseli isigonge chesisi: zikiwa zimepasuka au zimebondeka, gari limekuwa likitua juu yake mara kwa mara. Springi zenyewe si ghali sana kubadilisha, lakini dalili zake zinatoa habari za giaboksi, difu, beringi na breki, ambazo zote zilivuta uzito huohuo.

Kwenye injini nilikuwa na sharti moja nililolitaja kwa simu kabla ya kwenda, nalo ni kwamba gari lisiwashwe mpaka nifike. Nilipofika niligusa boneti kwanza. Injini ya dizeli iliyochoka inaweza kuwaka vizuri ikiwa ya moto, lakini ikiwa baridi hujieleza yenyewe. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweusi mwingi ni mafuta yanayozidi hewa, pengine kwa sababu ya nozeli mbovu, zile zinazopuliza mafuta kwenye silinda, au chujio la hewa lililoziba. Na mweupe usiokatika baada ya injini kupata joto unaweza kuwa dizeli isiyoungua au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Oili kuwa nyeusi si kosa katika dizeli, kwani huwa nyeusi upesi baada ya kubadilishwa. Ikiwa na rangi ya maziwa, hapo kuna maji ndani yake na mazungumzo yameisha. Mwishoni tulilegeza kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu, tukakiacha kikae juu ya tundu lake. Kwenye gari nililonunua kilitikisika kidogo tu. Kwenye lingine kilirushwa pembeni na pumzi iliyotoka ndani, dalili kwamba ringi za pistoni haziufungi tena mgandamizo inavyopasa.

Ninawasihi wanunuzi wa dizeli za kisasa wazitazame nozeli kwa makini ya pekee. Katika mfumo wa reli moja ya mafuta, dizeli husukumwa kwa mgandamizo unaoweza kufikia baa 1,600 au zaidi, na sehemu zinazohimili mgandamizo huo hutengenezwa kwa usahihi ambao maji au uchafu kidogo kwenye mafuta hutosha kuuharibu. Seti nzima ya nozeli inaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe. Nililipa fundi wa umeme aunganishe kompyuta yake na kusoma hitilafu zilizohifadhiwa pamoja na marekebisho ya kila nozeli, na malipo hayo nayahesabu kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika ununuzi huu. Pia uliza kama injini inatumia cheni au mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Ikiwa ni mkanda na hakuna risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa umekwisha, kwa sababu ukikatika, katika injini nyingi za dizeli vali hugongana na pistoni.

Barabarani, klachi ndiyo iliyonipa jambo la kujadiliana. Nikiwa gia ya tatu kwa mwendo mdogo nilikanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ulipanda haraka huku kasi ikifuata kwa kuchelewa, yaani klachi ilikuwa inateleza. Gia zote ziliingia bila kukwaruza, difu haikuvuma, na usukani ulipokatwa hadi mwisho hakukusikika mgongano wa viungo vya ekseli za mbele. Kuhusu mfumo wa magurudumu manne, ujaribiwe kwenye udongo au changarawe, maana mifumo mingi ya kuunganisha kwa hiari haikutengenezwa kutumika kwenye lami kavu. Mwombe muuzaji aunganishe na kuachanisha gia nzito pia, ile ya kupita taratibu sehemu ngumu, kwa kuwa ikikaa miaka bila kutumika inaweza kugoma.

Mambo ya karatasi hayana haja ya maneno mengi: namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma lazima ifanane na ya kwenye hati, herufi kwa herufi. Magari mengi huwa na namba ya herufi na tarakimu 17, lakini yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, hivyo ufupi peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Kilomita nilizipima kwa uchakavu wa pedeli, kiti cha dereva na usukani, pamoja na tarakimu nne za mwisho kwenye tairi. 2319, kwa mfano, maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Rangi na mikwaruzo ya bodi sikuvipa uzito, kwa sababu pikapu isiyo na mkwaruzo hata mmoja kwenye bodi ya mizigo hunifanya niulize kwa nini imepakwa upya.

Bei niliifikia kwa hesabu. Nilianza na bei ya pikapu ya aina hiyo iliyo katika hali nzuri, nikatoa gharama ya klachi pamoja na ufundi, mkanda wa taimingi, tairi mbili, na oili zote za injini, giaboksi, transfa (sanduku la gia za magurudumu manne) na difu. Muuzaji alipoona kila kipengele kikiwa na bei iliyotoka dukani hakubishana sana, kwani hapakuwa na la kubishania isipokuwa ufundi, na hapo tulikutana katikati.

Katika matumizi, inabeba mzigo wake bila kulalamika na hupanda vilima vyenye matope ambavyo gari dogo lingevikimbia. Ikiwa tupu, hata hivyo, inarusha abiria wa nyuma, na kwenye lami yenye maji mkia wake mwepesi huteleza upesi, kwa hiyo dereva aliyezoea gari dogo apunguze mwendo kwenye kona. Mtu ambaye hubeba mzigo mara chache tu kwa mwaka simshauri ainunue. Mafuta, tairi na breki zitamgharimu kwa uwezo ambao hautumii, na kukodi kutamfaa zaidi. Kwangu mimi ninayebeba karibu kila wiki, hesabu imetoka sawa. Klachi na mkanda vilibadilishwa mara tu baada ya ununuzi, kwa fedha ile ile niliyokuwa nimeitoa kwenye bei. Kilichobaki kwenye orodha ni shokapu za nyuma, nitakazozibadilisha kabla ya mvua kuanza.