Kinoo Kipi Kinafaa kwa Wembe wa Kukunja: Ushauri kwa Anayeanza Kunoa Nyumbani

Wembe wa kukunja hauhitaji kifaa cha kupimia pembe, kwa kuwa mgongo na makali yake hulazwa pamoja juu ya kinoo, na mgongo huo ndio unaoshikilia pembe tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu hiyo, sifa ninayoitanguliza katika kinoo ni utambarare. Kilichobonyea katikati hupotosha makali hata kiwe cha bei kubwa kiasi gani.

Nafasi ya kwanza naipa kinoo cha kampuni ya Norton cha pande mbili, namba 4000 na 8000 (namba ikiwa kubwa zaidi, chembe za kinoo huwa laini zaidi). Upande wa 4000 hurudisha makali yaliyochoka, na ule wa 8000 huyalainisha hadi yanyoe ndevu bila kuiumiza ngozi. Kasoro yake ni kwamba hulika upesi, hivyo anayekinunua aweke kwenye bajeti yake karatasi za msasa wa maji na kipande cha kioo kinene cha kukisawazishia.

Ya pili ni filamu ya kunolea ya kampuni ya 3M, yaani karatasi nyembamba ya plastiki yenye chembe za kusugulia za mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), ambayo hutandazwa kwa maji juu ya kioo hichohicho. Gharama ya kuanza nayo ni ndogo na haisawazishwi kamwe. Mwenye wembe mmoja tu, ambao bado una makali kiasi, aanze nayo bila wasiwasi. Nimeishusha kwa sababu huchakaa, na mkono mzito huichana.

Naniwa namba 12000 hukamilisha kazi vizuri sana, ila hakifufui makali yaliyokufa, kwa hiyo kinunuliwe baada ya Norton. Coticule, jiwe la asili la Ubelgiji lenye chembe za ganeti (madini magumu), hukata likiwa na tope lake linalotokea likisuguliwa kwa maji, na hung'arisha kwa maji matupu. Nalipenda mno, lakini kila kipande kina tabia yake, na mwanafunzi hatatambua kama kosa ni la jiwe au la mkono wake. King cha 1000 na 6000 nakiweka mwisho: upande wa 1000 husaidia wembe wenye mapengo, lakini 6000 huacha makali yanayokwaruza shavu.

Ukanda wa ngozi, ambao wembe hupitishwa juu yake baada ya kinoo, ni wa lazima, chochote utakachochagua. Kwenye kinoo makali hutangulia. Kwenye ukanda hutangulia mgongo, la sivyo ngozi itakatwa. Kabla ya kulipia chochote, laza wembe wako juu ya kioo: ukiyumba, umepinda, na huo upelekwe kwa fundi kwanza.