Bodi ya Faibaglasi ya Speedster juu ya Chasi ya Beetle: Uchambuzi Baada ya Kuijenga Nyumbani

Karibuni, watazamaji. Gari mnaloliona nyuma yangu lina umbo la Porsche 356 Speedster, gari la wazi lililotoka mwaka 1954 baada ya Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, kutaka gari la bei nafuu zaidi kwa soko la Marekani. Chini yake, hata hivyo, ni Volkswagen Beetle, na bodi yenyewe ni ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya resini, nami nimeifunga katika karakana ya nyumbani.

Niseme mapema kwamba bodi hii ni nzuri: matao ya magurudumu yamelingana, na tabaka la nje la resini halina vitundu. Ninacholalamikia ni maelekezo yake, ambayo yanaigusia kazi ya kufupisha chasi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, kwa sentensi moja tu, ilhali hapo ndipo ulipo usalama wa gari zima.

Umbali kati ya ekseli za Beetle ni milimita 2400, na wa 356 ni milimita 2100, kwa hiyo takriban milimita 300 hukatwa kwenye sakafu na kwenye mhimili wa kati, ambao ndio uti wa mgongo wa chasi. Ndani ya mhimili huo hupita fimbo ya gia, waya wa klachi, waya wa pedali ya mafuta na bomba la petroli. Fimbo hukatwa na kulehemiwa upya, waya hubadilishwa kwa mifupi, na tangi la petroli sharti litolewe nje ya karakana kabla grenda haijawashwa. Nilipima kutoka kona hadi kona mara nne kabla ya kulehemu, kwa sababu pembe zikipishana, magurudumu ya nyuma hayatafuata njia ya yale ya mbele.

Gari likikosa paa, hupoteza kiungo kikubwa kinacholizuia lisijipinde barabarani. Bodi hii ilikuja na paipu za mraba za chuma zilizozikwa kwenye vizingiti vya milango, jambo ninalolisifu kwa dhati, nami nikaongeza nyingine inayovuka nyuma ya dashibodi.

Milango ndiyo iliyonichelewesha. Nilikaza boliti zote chasi ikiwa tupu juu ya stendi, na uzito ulipoongezeka bodi ikajipinda kidogo, milango ikabana juu na kuachama chini. Nililegeza kila boliti, nikalishusha gari juu ya magurudumu yake, injini ikiwa mahali pake na watu wawili wameketi vitini, ndipo nikarekebisha bawaba. Sasa mwanya ni milimita 5 kutoka juu hadi chini, na mlango unafungwa kwa kusukumwa kwa vidole viwili.