TAHADHARI: "mtaalamu wa masaji ya punda na farasi" anayezunguka minadani huku Dodoma

Wakuu wenye punda wa mkokoteni, kuna jamaa anazunguka minadani na pikipiki kuanzia Chamwino mpaka Kibaigwa, anajiita mtaalamu wa masaji ya farasi na punda, eti amekanda sana farasi wa mashindano pale Ngong, Nairobi. Maneno anayo huyo, acha kabisa. Mi kanila elfu 80 na nusura nimpoteze punda.

Punda wangu jike, wa kubeba madumu ya maji, alianza kuchechemea mguu wa mbele ghafla tu, jana yake mzima. Jamaa hakumtembeza hata hatua mbili, hakuuliza anavuta nini wala imeanza lini, hakunyanyua mguu aone kwato, kaenda moja kwa moja begani kasema "misuli imekaza" akaanza kuminya kwa nguvu zote, punda kalaza masikio anapiga mkia, jamaa anasema hiyo ndo masaji inaingia 😂. Afu akatoa kichupa cha mafuta hakina hata lebo, elfu 20, na sindano juu. Nikauliza sindano ya nini, akasema vitamini.

Kesho yake punda katembea freshi, nikamsifia jamaa mpaka kwa majirani. Siku ya tatu hakanyagi kabisa. Nikamwita afisa mifugo wa kata, yeye kaanza na kwato, kaishika ina moto kuliko ya pili, kuichokonoa kidogo ukatoka usaha mweusi unanuka balaa. Jipu ndani ya kwato jamani, na mi nalipia bega! Akanambia ile sindano huenda ilikuwa ya kutuliza maumivu tu, ndo maana alionekana kapona huku naendelea kumpakia madumu, na punda ni mnyama wa kuficha maumivu, ukiona mpaka anachechemea ujue kavumilia sana.

Kukanda mnyama siyo uongo, wanaojua wapo. Ila anayejua anataka kwanza daktari wa mifugo aseme tatizo ni nini, anamwangalia akitembea, anapitisha mkono taratibu toka shingoni mpaka kiunoni anasikiliza wapi punda anashtuka, penye kidonda au uvimbe wa moto hagusi, mwenye homa hamkandi. Na anaangalia unamfungaje, maana wengi wetu tunawavisha nira ya ng'ombe wakati punda hana nundu ya kuishikilia, hapo utakanda mpaka mwakani. Sindano ndo kabisa, hiyo ni ya mtu anayetambuliwa na Baraza la Veterinari, mwambie aonyeshe cheti. Mi nilishindwa kumuuliza, si alikuwa kavaa koti jeupe bana.

Simu yake haipatikani tena. Juzi nimesikia yuko upande wa Bahi, sasa hivi anakanda na ng'ombe.