Shiti ya kitambaa na resini badala ya shaba: miezi kumi na moja kwenye mashine ya kubangua karanga

Natengeneza mashine za kubangua karanga hapa Kizota, Dodoma, moja moja kwa oda. Kilichonitesa kwa muda mrefu ni bushi za chekecheke, yaani zile pete ambamo shafti inapita na kucheza. Chekecheke linaning'inia kwenye mikono minne na kutikiswa na krenki ndogo, na kila mkono una bushi juu na chini, jumla nane. Beringi za gololi zinakufa upesi mahali pale, kwa sababu mkono hauzunguki, unakwenda na kurudi kidogo tu. Gololi zinachimba palepale, kisha vumbi la maganda linamalizia. Mninga uliolowekwa oili unakaa msimu mmoja. Shaba ni nzuri, lakini kipande cha kukereza bushi nane kinakula faida yote.

Jirani yangu, mzee aliyefungua injini maisha yake yote, ndiye aliyenitoa gizani. Nilimkuta ameshika giya ya rangi ya kahawia iliyotoka kwenye injini ya zamani ya Ford.
"Shikamoo mzee. Hiyo ni ya mbao?"
"Marahaba. Ishike mwenyewe, mwanangu."
Ilikuwa nyepesi mno. Ni giya ya kemushafti, ile shafti inayofungua valvu za injini, iliyotengenezwa kwa vitambaa vilivyolowekwa resini (gundi inayogeuka ngumu) na kugandamizwa kwa moto mpaka vikawa kitu kimoja. Waliiweka makusudi ili injini isipige kelele. Resini hiyo ni ukoo wa bakelaiti aliyoivumbua Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Ndiyo ile ya swichi nyeusi za zamani na vishikio vya sufuria. Ukiizidishia moto inaungua, lakini haiyeyuki kama ndoo ya plastiki.

Nikaagiza shiti ya kitambaa na resini kama hiyo kutoka Dar es Salaam, sentimita 30 kwa 30, unene milimita 12. Ya kwanza iliniumiza. Duka lilinihakikishia ni ya kitambaa, ikaja ya karatasi. Kwa mbali zinafanana kabisa, zote kahawia na zinang'aa. Ya karatasi ni nzuri kwa kazi za umeme, lakini ukikata jino la giya linameguka kama biskuti. Siku hizi sipokei kabla ya kukata kona na kupiga msasa: ya kitambaa inaonyesha nyuzi zilizofumwa, za urefu na za upana, na ya karatasi haionyeshi mfumo wowote. Shiti ya pili ilikuwa yenyewe. Ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Chuma cha ukubwa huo kingefika kilo nane na nusu.

Kuikata ni raha. Drili ya kawaida inaitoboa, msumeno wa chuma unaikata, na kwenye mashine ya kukereza inatoa vumbi badala ya nyuzi za chuma. Vumbi hilo lina harufu kali inayokaa kooni. Vaa barakoa, fungua mlango, na usikubali kijana wako wa karakana akate bila kujifunika pua.

Jambo ambalo ningependa kila fundi alishike kabla ya kununua ni mwelekeo wa tabaka. Shiti hii ni kama daftari lililogandishwa. Ukitoboa kutoka juu ya ukurasa, bolti inashika na nguvu zote unazipata. Ukitoboa ubavuni, kati ya kurasa, ukakaza bolti, inapasuka kama kuni. Nilipoteza vipande viwili hivyo kabla sijaelewa. Kwa hiyo bushi zangu nimezifanya fupi, milimita 12, unene wa shiti wenyewe, ili tundu la shafti lipite tabaka zote. Na unapotoboa, weka ubao chini na ubane vizuri, la sivyo tabaka za mwisho zinafumuka drili inapotokea upande wa pili.

Bushi nane za kwanza zilikwenda Kibaigwa mwezi wa pili. Mteja wangu, mama anayebangua karanga za majirani, alizitazama kwa mashaka. "Fundi, umeniwekea mbao?" Nikamwambia, "Mama, nipe msimu mmoja." Msimu umepita na bushi zote nane bado zipo. Nilizipima mwezi wa tisa nikakuta tundu limepanuka kiasi kisichozidi unene wa karatasi mbili.

Zilileta matatizo mawili. Mashine ililala nje, ikanyeshewa usiku, na asubuhi chekecheke likawa zito. Pamba iliyo ndani hunywa maji kidogo, bushi inavimba, na kwa kuwa nje imebanwa na mkono wa chuma, inavimbia ndani kwenye shafti. Kosa lilikuwa langu, kati ya bushi na shafti nilikuwa nimeacha nafasi ndogo, kama ya bushi ya shaba. Sasa kwa shafti ya milimita 20 naacha karibu milimita 0.2, na sijarudishiwa tena. La pili ni vumbi. Halikuila bushi, lilijikita ndani yake na kuanza kusugua shafti. Nimeweka washa (pete bapa) za ngozi pande zote mbili, tone la oili asubuhi, na grisi nimeiacha kabisa, maana grisi ikichanganyika na mchanga wa Dodoma inakuwa dawa ya kusagia chuma.

Giya nilikata moja tu, meno 36, ya kuzungusha rola ya kulishia karanga. Mwenzake ni wa chuma. Kelele imepungua hadi mtu anaweza kuongea na simu pembeni. Mwezi wa saba jiwe liliingia na karanga, meno matatu yakakatika, lakini shafti na mota vikabaki salama. Kwangu hiyo ni sifa kubwa. Giya ni kazi ya nusu siku, mota ni mtaji.

Nilijaribu pia kujitengenezea shiti yangu kwa kitambaa cha marekani na epoksi, resini ya makopo mawili inayoganda ukiyachanganya. Kitambaa lazima kifuliwe kutoa wanga, kikaukie juani kabisa. Tabaka 28, katikati ya vyuma viwili vilivyofunikwa nailoni, jeki ya gari juu, usiku kucha. Ilitoka na unene wa milimita 9, imara, na nilifurahi sana kuiona. Mara ya pili nilichanganya resini nyingi kwenye kikombe kirefu saa nane mchana, ikachemka yenyewe na kutoa moshi kabla sijaipaka. Kwa joto letu changanya alfajiri, kidogo kidogo, kwenye sinia pana, na upime kwa mizani.

Ile ya nyumbani naitumia kwa vishikio, washa nene na vipande vya kuegemeza. Kwa bushi ya karibu na mota, hapana. Epoksi iliyokauka bila moto huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 50 au 60 za Selsiasi, na niliona bolti ikizama ndani yake taratibu kama kwenye sabuni. Ya dukani ilipikwa chini ya shinikizo kubwa. Pale pale pa mota haijabadilika.

Shiti imebaki kipande cha upana wa viganja viwili. Nimekichora duara nane kwa penseli, za mashine inayokwenda Mpwapwa, na ya tisa ni ya yule mzee, aliyeniomba bushi ya feni yake.