Ratiba ya kutembea ya wiki 12: inashika wapi na inakwama wapi katika mitaa ya Mtwara

Ratiba tunayoipima hapa ni ya bure. Imetoka kwa Taasisi ya Taifa ya Moyo, Mapafu na Damu ya Marekani, na mpango wake ni mwepesi: kila unapotoka unatembea taratibu dakika 5 ili mwili upate moto, kisha unakaza mwendo, kisha unamalizia dakika 5 za taratibu. Wiki ya kwanza mwendo wa haraka ni dakika 5 tu. Ya pili ni 7, ya tatu 9, wiki ya sita unafika 15, ya saba 18, na wiki ya 12 unatembea haraka dakika 30. Ukizifanya hizo 30 siku tano kwa wiki, umefikisha 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linamtaka mtu mzima akifikie.

Kwa upangaji wa mzigo hatuna ugomvi nayo. Inapanda polepole, haidai kifaa, na hata mtu aliyekaa miaka bila mazoezi anaiweza. Tunaipa 4 kati ya 5. Alama moja tumeikata kwa sababu haigusi kabisa mtaa utakaotembea. Inamchukulia kila mtu kuwa akifungua mlango anakanyaga njia ngumu, tambarare na tulivu. Mtu wa ndani ndani Magomeni au Majengo akifungua mlango anakanyaga mchanga. Wengi wanaachia hapo, wiki ya tatu au ya nne, wakidhani wamekosa moyo.

Tuanze na huo mchanga. Mwendo wa haraka maana yake ni hatua 100 kwa dakika au zaidi. Hesabu sekunde 15, ukipata 25 uko sawa. Kipimo kingine: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwenye mchanga mkavu mguu unazama na kisigino kinarudi nyuma kila hatua. Watafiti waliopima jambo hili mwaka 1998 walikuta kutembea mchangani kunakula nguvu mara 2.1 mpaka 2.7 ya kutembea kwenye sakafu ngumu. Kwa hiyo dakika 9 za wiki ya tatu zinageuka mzigo ambao ratiba haikukupangia. Matokeo yake ni maumivu ya misuli ya nyuma ya mguu na kano ya juu ya kisigino, pumzi inakata, na hatua 100 huzipati.

Dawa iko ndani ya ratiba yenyewe. Zile dakika 5 za mwanzo na 5 za mwisho zitumie kwenye uchochoro wa mchanga, kwa sababu hapo hudaiwi kasi. Za katikati zipeleke kwenye lami au udongo ulioshindiliwa. Dakika 5 za taratibu ni kama mita 350 hadi 400. Ikiwa njia ngumu iko ndani ya umbali huo kutoka kwako, ratiba itakushika vizuri. Ikiwa iko mbali zaidi, ongeza dakika za kupasha mwili na usipunguze za haraka.

Mitaa ya Mtwara haifanani, na hapa ndipo mtu achague kwa akili. Shangani ina barabara pana, viwanja vikubwa, magari machache na upepo wa bahari. Ramani ya mji huu ni ya enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, uliovunjwa mwaka 1951, na upana ule bado unamfaa mtembeaji. Kwa dakika 30 mfululizo bila kusimamishwa ni vigumu kupata pazuri zaidi mjini. Kasoro yake ni kwamba maduka na shughuli viko mbalimbali, hivyo mkazi wake hutembea pale tu alipopanga kutembea. Siku akichoka, hakuna kinachomtoa nyumbani. Alfajiri pia kunakuwa kimya mno, na mwanamke anayetembea peke yake ana sababu ya kusita.

Chikongola na Majengo ni kinyume chake. Nyumba zimebanana, duka liko hapo hapo, msikiti hapo hapo, soko si mbali. Mtu anatembea bila kukusudia, na macho ya watu yako barabarani tangu swala ya alfajiri. Utafiti wa Brian Saelens na James Sallis uliofanyika San Diego na kutoka mwaka 2003 ulilinganisha mitaa miwili, na wakazi wa ule wenye mchanganyiko wa namna hii walikuwa na zaidi ya dakika 70 za ziada za kushughulisha mwili kwa wiki. San Diego si Mtwara, lakini sababu ni ile ile: ukiwa na pa kwenda, unatembea.

Kinachosumbua Uswahilini ni kukatizwa. Bodaboda, bajaji, na salamu. Huwezi kumpita mzee barazani bila shikamoo, na shikamoo ikishajibiwa huja habari za nyumbani. Salimu mapema, ukiwa hatua kumi kabla hujamfikia, inua mkono, endelea na mwendo. Waambie majirani mapema kwamba uko kwenye mazoezi. Hawatakuona una kiburi, na wengine watakuuliza jana mbona hukupita. Hilo swali linamrudisha mtu barabarani kuliko simu inayohesabu hatua.

Kuhusu kuvuka barabara: tembea upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, na kila ukifika kona pinda kulia. Utazunguka kitalu kizima bila kuvuka. Hesabu mizunguko badala ya kwenda mbali na kurudi, ili mguu ukianza kuuma usiwe na kilomita mbili za kurudi nyumbani. Eneo la kuzunguka uwanja wa Nangwanda Sijaona linafaa kwa wanaokaa karibu. Barabara za kuelekea bandarini ziepuke, hasa msimu wa korosho kuanzia Oktoba. Malori ya korosho na ya makaa ya mawe hayakuachii pembeni pa kutosha, na vumbi lake linakata pumzi. Wa Naliendele na Mikindani wasifanye barabara kuu kuwa njia yao. Watumie mitaa ya ndani, hata kama ni mifupi, na wagawe dakika 30 mara mbili, 15 asubuhi na 15 jioni. WHO ilishaondoa mwaka 2020 sharti la kutembea angalau dakika 10 mfululizo, kwa hiyo vipande vinahesabika.

Ufukweni kunavutia, ila hakushiki ratiba. Mchanga mgumu unapatikana maji yakipwa, na kupwa kunachelewa kama dakika 50 kila siku. Saa yako ya leo, baada ya wiki moja ni maji. Ufuko pia umelala upande, mguu mmoja unakuwa chini ya mwingine. Urudi kwa njia ile ile ili mzigo ubadilike.

Saa nzuri ni alfajiri kukipambazuka. Mwezi Juni jua linachomoza karibu saa 12 na nusu, Disemba kabla kidogo ya saa 12, hivyo anayetoka kwa saa ile ile mwaka mzima atajikuta gizani miezi ya kipupwe. Kwenye giza tatizo ni mitaro isiyofunikwa kuliko watu. Masika, mvua ndogo ya usiku hukaza mchanga na kukupa njia nzuri. Mvua kubwa huficha mashimo, siku hiyo tembea barazani au lala.

Viatu: ndala hapana, vidole vinakaza kuvishika na unyayo unauma. Raba za mtumba zinafaa ukizikagua. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba pale kisiginoni. Isipobonyea, povu limekufa. Kisha kikunje kiatu: kikunjike penye vidole, kikikunjika katikati kiache. Mwenye kisukari akague nyayo kila akirudi, na mwenye maumivu ya kifua asimame hapo hapo na aelekee Ligula hospitali.

Ukikosa wiki nzima kwa mvua, msiba au mfungo, usiruke kwenda namba inayofuata. Rudia wiki uliyoishia. Mahali pa kurudia mara mbili bila aibu ni wiki ya saba, kwa sababu hapo ratiba inaongeza dakika 3 kwa mpigo baada ya kuzoea 2, na mguu uliojengwa kwenye mchanga nusu, lami nusu, unahitaji siku za ziada.